Madoa ya Ndege kwenye Gari la Buluu: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kisumu

Kisa hiki kinahusu gari lililoletwa kwenye karakana yetu mjini Kisumu mwishoni mwa mwezi wa Februari, likiwa na madoa 17 ya kinyesi cha ndege ambayo mwenyewe alikuwa ameshajaribu kuyatoa kwa njia nne. Ameniruhusu kukieleza kisa chake. Jina lake, mtaa anaoishi, aina ya gari na namba zake nimeviacha, pamoja na majina ya mahali alikopita kabla ya kufika kwetu. Nimeona kinafaa kuandikwa kwa urefu kwa sababu karibu kila juma tunapokea gari lenye shida kama hii, na mara nyingi uharibifu mkubwa tunaoukuta umefanywa na mikono ya watu waliokuwa wakijitahidi kusaidia.

Usuli

Anayeishi Kisumu hahitaji kuelezwa habari za ndege. Kandokando ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria kuna yangeyange, kwarara, kunguru na mwewe, na wapo wale korongo wakubwa wenye shingo tupu na mfuko unaoning'inia kifuani, ambao kwa miaka mingi walishinda kwenye jaa la Kachok karibu na Uwanja wa Moi na jioni wakapanda miti mikubwa kulala. Korongo hao hujinyea miguuni ili kupunguza joto la mwili, ndiyo maana miguu yao huonekana kana kwamba imepakwa chokaa. Mtu anayeegesha gari chini ya mti wanaoulalia huikuta chokaa hiyo asubuhi.

Ndege hatoi mkojo wa majimaji peke yake kama ng'ombe au mtu. Taka za mwili wake hutoka pamoja na kinyesi kupitia tundu moja, na sehemu ile nyeupe tunayoiona ni asidi ya yuriki. Asidi hii ni dhaifu, lakini ina tabia moja inayotusumbua sana: haiyeyuki kirahisi majini. Lita nzima ya maji ya kawaida haiyeyushi hata gramu 0.1 ya asidi hiyo, na kwa hiyo ndoo moja iliyomwagwa haraka juu ya doa kavu hupita tu na kuliacha palepale. Pamoja na asidi kuna vimeng'enya vilivyotoka tumboni mwa ndege, ambavyo hushambulia rangi polepole, na kuna mchanga, mbegu na vipande vya mifupa ya samaki, ambavyo hukwaruza rangi vikiburutwa na kitambaa.

Upande wa pili ni rangi yenyewe. Gari lililotoka kiwandani huwa na praima, yaani rangi ya chini kabisa inayoshika bati, kisha rangi, kisha tabaka la juu lisilo na rangi ambalo mafundi wa bodi huliita klia. Tabaka zote kwa pamoja huwa na unene wa kama maikroni 100 hadi 150 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na klia peke yake huwa kati ya 35 na 50. Unywele wa mtu una maikroni 70 hivi. Ngozi inayolinda rangi dhidi ya jua, mvua na ndege ni nyembamba kuliko unywele, na kila tunapopiga polishi tunaipunguza. Hili ndilo lililoongoza maamuzi yetu yote katika kisa hiki.

Kuna jambo jingine la joto. Bati la gari la rangi iliyoiva, likikaa kwenye jua la mchana la Kisumu, hupita nyuzi 60 za Selsiasi bila shida. Klia ikipata joto hilo hulegea na kutanuka kidogo, na jioni inapopoa hujikunja na kukaza. Kinyesi kilichokauka juu yake hakifuati mwendo huo, bali hukaa kama muhuri, na klia inapokaza huchukua umbo la kile kilichoikalia. Kwa hiyo doa la ndege lina majeraha mawili yaliyopandana, moja la kuliwa na kemikali na jingine la kukunjwa na joto. Wateja wengi wanalifahamu lile la kwanza tu.

Gari lenyewe ni salooni ya buluu iliyoiva, yenye umri wa miaka kumi, iliyoingizwa nchini kutoka Japani ikiwa imetumika. Mwenye gari ni mwalimu. Nyumbani kwake hakuna kibanda cha gari, na kivuli pekee uani ni cha mkuyu mkubwa. Huliegesha gari buti likiwa karibu na shina na boneti ikielekea magharibi, hivyo kuanzia saa nane mchana jua huikuta boneti na paa huku buti likibaki kivulini. Maelezo haya ya maegesho tulichelewa kuyauliza, na nitayarudia.

Mfuatano wa matukio

Mwalimu aliondoka siku ya Ijumaa kwenda mazishini upande wa Siaya, akapanda matatu na kuliacha gari chini ya mkuyu. Alikusudia kukaa siku tatu, akakaa tisa. Ulikuwa wakati wa kiangazi kabla ya mvua za masika, na katika siku hizo zote hakukunyesha. Mkuyu nao ulikuwa umezaa, na ndege walikuwa wengi kuliko kawaida.

Aliporudi Jumapili jioni alikuta madoa sita kwenye boneti, manne juu ya paa, sita kwenye buti na moja juu ya madigadi ya kushoto. Asubuhi yake kijana anayemsaidia nyumbani, akitaka Mwalimu akute gari safi kabla ya kwenda kazini, alianza na boneti. Alifuta kwa kitambaa kikavu. Yalipokataa, alichanganya sabuni ya unga kwenye maji na kusugua kwa sifongo ngumu ya kusugulia sufuria. Unene wa juu ulitoka, lakini chini yake yakabaki mapete yaliyofifia, na kuzunguka kila pete pakawa na ukungu wa mikwaruzo wenye upana wa kiganja. Mwalimu alipotoka na kuona, alimsimamisha. Paa kijana alikuwa hajalifikia, na buti hakuwa ameligusa.

Jirani alishauri siki, kwa hoja kwamba siki hung'arisha sinki na vioo. Ilipakwa kwenye pete mbili za boneti na kuachwa juani kwa karibu nusu saa. Haikubadilisha lolote, na haingeweza: siki ni asidi, na kuongeza asidi juu ya asidi ya yuriki hakuifanyi iyeyuke. Jioni ile mtu mwingine akapendekeza mafuta ya taa. Mafuta yaliondoa ung'avu wa nta ya zamani iliyokuwa imebaki na kuzifanya pete zionekane wazi zaidi.

Siku ya Jumatano Mwalimu alipeleka gari mahali pa kuoshea magari palipo na mashine ya polishi. Wakaliosha lote kwa presha, wakapaka kompaundi kali, yaani dawa nzito ya kusugulia rangi, kwenye boneti, wakatumia mashine ya mzunguko wa kasi yenye pedi ya manyoya, kisha wakamaliza kwa polishi yenye mafuta mengi. Gari lilitoka likimeta. Mwalimu alilipa na kuondoka ameridhika.

Baada ya siku nne na kuoshwa mara mbili, pete zilionekana tena, zote, mahali palepale. Mwalimu alipofika kwetu neno lake la kwanza lilikuwa kwamba doa hili "linaota upya kama magugu". Halikuwa limeota. Mafuta ya polishi yalikuwa yamejaza mabonde ya pete na kuificha kwa muda, na sabuni ilipoyaondoa, mabonde yakarudi kuonekana.

Hali tuliyoipokea

Tuliliingiza gari ndani, tukaacha bati lipoe hadi mkono uweze kulala juu yake bila kusikia joto, ndipo tukaliosha kwa shampuu laini ya magari. Tulipangusa kila doa kwa spiriti ili kuondoa mafuta yaliyobaki, kwa kuwa fundi anayekagua rangi yenye mafuta anadanganywa na mafuta hayo. Kisha tukazima taa na kumulika kwa tochi kutoka pembeni.

Pete ya tatu ya boneti naikumbuka vizuri. Ilikuwa na upana wa sarafu ya shilingi ishirini, na ukingo wake ulikuwa umeinuka kidogo kama ukingo wa dimbwi lililokauka kwenye udongo wa mfinyanzi. Nilipopitisha ukucha, uliruka kidogo ulipofika ukingoni. Nilidondoshea tone la maji karibu nayo. Tone likateleza, likaingia ndani ya pete na kutulia humo kwa umbo la pete. Pembeni kulikuwa na mikwaruzo iliyonyooka, ya mkono wa kijana, na juu ya mikwaruzo hiyo kulikuwa na mizunguko mikubwa kama nyuzi za buibui, ya mashine. Rangi hiyo ilikuwa imeandika historia ya siku hizo zote, na tuliweza kuisoma kwa mpangilio wake.

Madoa ya buti yalikuwa tofauti kabisa. Mashine ya presha ilikuwa imeondoa sehemu kubwa, na kilichobaki ni vivuli vyeupe visivyoshika ukucha.

Kipimo cha unene wa rangi kilitoa picha ifuatayo. Buti lilikuwa na maikroni 116 hadi 121, na paa 112 hadi 118. Boneti ilikuwa 104 hadi 113 katikati, lakini kwenye mkunjo wa upande wa kushoto ilishuka hadi 94, na ukingoni, ambapo mashine ya mzunguko ilikuwa imekaa muda mrefu, 91. Madigadi ya kushoto yalisoma zaidi ya 230, dalili kwamba yaliwahi kupigwa sprei upya baada ya gari kutoka kiwandani. Ni lazima ieleweke kwamba kipimo cha aina hii husoma tabaka zote kwa pamoja. Hakikwambii klia imebaki kiasi gani. Nacho kinaweza kukosea kwa maikroni moja au mbili, kwa hiyo kila sehemu tuliipima mara tano na kuchukua wastani.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukataa kupiga sprei. Mwalimu alikuwa ameshapewa makadirio ya kupaka boneti upya na alikuwa karibu kukubali. Tulimweleza kwamba rangi ya kiwandani hukaushwa kwenye tanuri kwa joto la karibu nyuzi 140, ambalo karakana haiwezi kulitumia kwa gari lililokamilika lenye nyaya, plastiki na mipira yake. Rangi ya karakana hukaushwa kwa joto la chini zaidi, na kwa kawaida hubaki laini kuliko ile ya kiwandani. Kuondoa rangi ngumu na kuweka laini, halafu kuirudisha chini ya mkuyu uleule, kungekuwa kumwandalia hasara ya pili.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuanza na njia nyepesi kabisa na kupanda ngazi moja baada ya nyingine, kila doa peke yake, badala ya kuchukua boneti nzima kama tatizo moja. Kwenye vivuli vya buti tuliweka vitambaa vya maikrofaiba vilivyolowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye kijiko kimoja cha baikaboneti ya soda kwa lita moja, tukaviacha dakika kumi na tano, tukaviloweka tena, kisha tukainua uchafu bila kusugua. Baikaboneti ina ubesi kidogo, yaani kinyume cha asidi, na asidi ya yuriki hulegea vyema zaidi kwenye maji ya namna hiyo kuliko kwenye maji matupu au siki. Hapa naweka onyo kwa wasomaji wa magharibi mwa Kenya, ambako kila jiko lina magadi ya kupikia mrenda: magadi si baikaboneti. Makali yake ni makubwa zaidi na chembe zake ni ngumu kama changarawe, hivyo yasitumike kwenye rangi ya gari. Baada ya kuloweka tulipitisha udongo laini wa kusafishia rangi, wenye unyevu wa kutosha, na madoa yote sita ya buti yakatoka bila polishi.

Kwenye paa, madoa yote manne yalikuwa yameingia kwenye klia, ingawa hapakuwa na mikwaruzo. Tulijaribu kwanza kwenye doa moja tu, kwa pedi laini na polishi nyepesi, kwa kutumia mashine ambayo pedi yake huzunguka huku ikiyumba na kwa hiyo haikusanyi joto mahali pamoja. Mizunguko minne ya polepole ilitosha. Kipimo cha kabla na cha baada hakikuonyesha tofauti, maana yake tulitoa kiasi kidogo kuliko kile ambacho kifaa kinaweza kukiona. Tukafanya hivyohivyo kwa matatu yaliyosalia.

Boneti ndiyo iliyochukua siku nzima. Kabla ya kuigusa kwa mashine tulijaribu joto: taulo lililotiwa maji ya moto likawekwa juu ya kila pete kwa dakika chache, kwa matumaini kwamba klia iliyokunjwa na joto inaweza kulegezwa na joto. Pete mbili zilipungua kwa kuonekana, nne hazikubadilika, na hilo lilitusaidia kubagua lipi ni kunjo na lipi limeliwa. Polishi ya kati ilimaliza tatu. Mbili za ndani zaidi tulizisugua kwa msasa wa maji namba 3000 uliozungushwa kwenye kipande kidogo cha mpira, misuguo kumi kwa wakati mmoja, na baada ya kila kumi tukapangusa na kupima. Kwenye ile niliyoieleza juu, unene ulishuka kutoka 107 hadi 104 kabla ukingo haujalala, kisha polishi ya kuondoa alama za msasa ikachukua kama maikroni moja zaidi.

Ikabaki moja, na ilikuwa imekaa juu ya ule mkunjo wa kushoto, mahali penye 94. Rangi kwenye mikunjo na kingo huwa nyembamba tangu kiwandani, na hapa mashine ya kasi ilikuwa imeshapita. Nilisugua mara kumi, nikapima, nikapata 93, na ukingo wa pete ulikuwa bado unashika ukucha. Nikaweka msasa chini na kumwita Mwalimu.

"Fundi, kumi na tano umezitoa," alisema. "Hii moja imekushindaje?"

Nilimjibu: "Mwalimu, kuitoa naweza. Lakini nitakuwa nimetoa na ngozi inayozuia jua, na mwaka ujao utaniletea mahali peupe panapobambuka, na hapo hakuna polishi ya kukusaidia."

Alitaka kujua nina uhakika gani. Nilimwonyesha namba za buti na namba za mkunjo kwenye kifaa, akazilinganisha mwenyewe, kisha akakubali tuiache. Tuliipitishia polishi nyepesi ili kulainisha ukingo wake na tukaishia hapo.

Madigadi, na kosa letu

Doa moja la madigadi lilikuwa dogo na tukaliacha la mwisho, tukidhani litachukua dakika kumi. Tulitumia pedi na polishi ileile iliyomaliza pete tatu za boneti. Baada ya mzunguko wa pili niligeuza pedi na kuikuta imekuwa buluu.

Pedi ikichukua rangi, maana yake hakuna klia juu yake. Yeyote aliyepiga sprei madigadi hayo alitumia rangi ya tabaka moja, na kila tulichokuwa tukiondoa kilikuwa rangi yenyewe. Kipimo kilikuwa kimeshatuambia kwamba sehemu hiyo ilipakwa upya, lakini tulichukua unene wa 230 kama ruhusa ya kutokuwa na wasiwasi. Unene huo ulikuwa wa praima na pengine pati ya kusawazisha, wala haukutuambia lolote kuhusu kilichokuwa juu. Ilitupasa kwanza kusugua mahali padogo pa siri, chini karibu na gurudumu, kwa kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, kazi ya nusu dakika. Tulisimama mara moja, na rangi haikupotea kiasi cha kuonekana kwa macho, lakini doa lilibaki nusu, na hatukuthubutu kuendelea. Tulimwonyesha Mwalimu ile pedi, tukamweleza kosa ni letu, na sehemu hiyo hatukumtoza.

Matokeo

Kati ya madoa 17, sita yalitoka kwa kulowekwa na udongo peke yake, saba kwa polishi, mawili kwa msasa na polishi, na mawili yalibaki: lile la mkunjo na lile la madigadi. Ukungu wa mikwaruzo ya sifongo kwenye boneti ulitoka kwa sehemu kubwa, si wote. Kazi ilichukua siku mbili na ikagharimu shilingi 7,500, chini ya nusu ya makadirio aliyokuwa amepewa ya sprei.

Tulimalizia kwa kupaka ulinzi wa kutengenezwa kiwandani badala ya nta asilia, kwa kuwa kwenye jua letu nta asilia huisha upesi. Nilimweleza Mwalimu waziwazi kwamba ulinzi huo hauzuii kinyesi kula rangi. Unachofanya ni kumpa saa kadhaa za ziada na kufanya uchafu uachie kwa urahisi.

Siku ya nne baada ya kulichukua gari alinipigia simu kwamba ndege wameangusha mengine matatu kwenye boneti. Alikuwa ameyaona asubuhi alipotoka. Aliweka kitambaa chenye maji juu ya kila moja, akanywa chai yake, akarudi, akainua kila kimoja kwa kukunja kitambaa kuelekea juu, kisha akasuuza. Nilipolikagua gari Jumamosi hiyo sikuona alama yoyote.

Uchambuzi

Gari hili lilitupa ulinganisho ambao ni nadra kuupata. Ndege walikuwa walewale, siku zilikuwa tisa zilezile, rangi ya boneti, paa na buti ilikuwa moja. Buti lilikaa kivulini na halikusuguliwa. Halikupata kovu hata moja. Paa lilipigwa na jua na halikusuguliwa. Lilipata makovu mepesi yaliyotoka kwa polishi laini. Boneti ilipigwa na jua, ikasuguliwa kwa sifongo, ikamwagiwa siki na mafuta ya taa, kisha ikapitiwa na mashine ya kasi. Humo ndimo tulimolazimika kutumia msasa na ndimo tuliposhindwa kumaliza. Boneti hupata joto la injini pia, ingawa gari lilikuwa limezimwa siku zote tisa na kwa hiyo hapa hilo silihesabu. Gari moja halithibitishi kila kitu, lakini mpangilio huu unakubaliana na yale tunayoyaona mwaka mzima: jua ndilo linalogeuza uchafu kuwa kovu, na sifongo ndiyo inayogeuza kovu dogo kuwa kazi ya siku nzima.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kulishughulikia kila doa kwa hali yake na kupima baada ya kila hatua. Tungeanza na msasa kwenye boneti nzima, kama tulivyoombwa na mtu aliyemsindikiza Mwalimu, tungepata uso laini na sare, na tungekuwa tumetoa maikroni tatu au nne kila mahali, pamoja na pale penye 91. Polishi yenye mafuta iliyotumiwa kabla ya kufika kwetu ni jambo ninalolipinga moja kwa moja. Mteja aliuziwa siku nne za kumeta kwa bei ya kazi kamili, na klia yake ikapunguzwa bila kupimwa, na anayefanya hivyo kwa kujua anamwibia mteja kitu kisichoweza kurudishwa.

Kilichoshindikana upande wetu ni viwili. Kosa la madigadi nimelieleza. La pili ni kwamba hatukuuliza gari huegeshwa vipi hadi siku ya kulikabidhi, na laiti tungeuliza mapema, tungeelewa tangu mwanzo kwa nini buti na boneti vilitofautiana, na pengine tusingepoteza saa nzima tukitafuta tofauti ya rangi isiyokuwapo. Sasa swali hilo tunaliuliza kabla gari halijaoshwa.

Mwalimu alikuwa pia ameuliza kama aukate mkuyu. Tulimshauri ahamishe gari, kwa sababu ndege walikuwa wanataga humo, na kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 kuwadhuru wanyamapori si jambo la kuamuliwa uani. Turubai la nailoni nalo tulimkataza: likiwekwa juu ya gari lenye vumbi na kupeperushwa na upepo wa ziwani, hukwaruza kama msasa. Na kijana wake tulimwonyesha kitu kimoja cha afya, kwamba kinyesi kikavu kisifutwe wala kukwanguliwa kabla hakijalowa, kwa kuwa vumbi lake linaweza kubeba vimelea vinavyoingia mapafuni. Alikuwa amefuta boneti yote uso ukiwa karibu nayo.

Gari sasa huegeshwa upande wa pili wa ua, penye ukuta unaotoa kivuli cha alasiri, na chupa ya kunyunyizia maji na vitambaa viwili vimewekwa dirishani. Pete ya mkunjo bado ipo. Mchana haionekani, asubuhi, jua likiwa chini, anayejua mahali pake anaweza kuiona. Mara ya mwisho kuipima ilisoma 93.